AJABU NA ELIMU YAKE
Habari za fizikia katika kisiwa cha Unguja

Katika mazungumzo ya leo twataka kuwachukua mpaka Forodhani, mbele ya bahari, mahali alipojenga Seyyid Barghash bin Said ile nyumba yake kubwa katika mwaka 1883. Watu waliiita Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, wala hawakuiita hivyo kwa sababu ya urefu wake peke yake, ijapokuwa urefu huo ulipita wa nyumba zote za pwani yetu. Nguzo zake za baraza zilikuwa za chuma, zililetwa kwa meli. Na nyumba hiyo hutajwa kuwa ya kwanza katika Afrika ya Mashariki kuwa na taa za umeme na lifti, yaani chumba kinachopanda na kushuka kwa nguvu ya umeme, mtu akafika juu bila ya kukanyaga ngazi.

Fikirini basi mtu aliyetoka Makunduchi au Nungwi na punda wake wa nazi, akafika Forodhani usiku, akaona taa isiyokuwa na mafuta wala utambi, haitoi moshi, na upepo wa baharini haiizimi. Atasema nini ila kusema ajabu? Akirudi kwao huwahadithia watu, nao hustaajabu pamoja naye, na mambo huishia hapo. Hakuna aliyeulizwa, wala hakuna aliyejibu. Taa ilikuwa ya Sultani, na siri yake ilikuwa ya fundi wa kigeni aliyeitia.

Hilo ndilo jambo tunalotaka kulizungumza. Ajabu na elimu ni ndugu wawili, lakini hawakai nyumba moja siku zote. Tumechagua elimu moja, ile iitwayo fizikia, nayo ni elimu ya nguvu na mwendo, joto na baridi, mwanga, sauti, uzito na umeme. Vijana wengi huiogopa, wakidhani ni elimu ya nchi za mbali, imefungwa ndani ya vitabu vya hesabu. Sisi twasema imekuwako Unguja siku zote, mbele ya macho yetu, na kwamba historia ya kisiwa hiki yaweza kusomwa upya kwa ajili yake.

Tuanze na tufani ya mwaka 1872. Seyyid Barghash alikuwa hajatimiza miaka miwili katika ufalme wake ilipokuja, mwezi wa Aprili, ikang'oa minazi na mikarafuu ya Unguja kwa maelfu, ikavunja majahazi bandarini na kuharibu merikebu za Sultani mwenyewe. Pemba ilisalimika, na tangu hapo karafuu nyingi zimekuwa za Pemba. Mpaka leo ukitaja karafuu watu huitazama Pemba kwanza. Wazee wa zama hizo walikuwa na haki ya kushangaa, maana tufani za namna hiyo ni nadra sana katika nchi iliyo karibu na mstari wa Ikweta kama yetu.

Sasa, tufani ni nini? Ni hewa iliyokimbilia mahali penye upungufu wa hewa. Hewa nayo ina uzito, ingawa hatuuhisi kwa kuwa tumezaliwa ndani yake, kama samaki asivyohisi maji. Juu ya kila sentimita moja ya mraba ya ngozi zetu, hewa inakandamiza kwa uzito wa karibu kilo moja. Mwitaliani mmoja, jina lake Torricelli, alilionyesha jambo hili mwaka 1643 kwa mrija wa kioo na zebaki: uzito wa hewa huweza kuisimamisha zebaki mpaka kiasi cha sentimita 76. Hewa ikipungua uzito, zebaki hushuka. Na nahodha mwenye chombo hicho, ambacho huitwa baromita, akiiona zebaki inashuka kwa haraka hujua kuwa hali ya hewa yaharibika, hata kama mbingu bado ni nyeupe.

Mtoto asiye na zebaki aweza kulijua jambo hilo kwa bilauri ya maji. Ijaze mpaka juu kabisa, ufunike mdomo wake kwa karatasi ngumu, shika karatasi kwa kiganja, kisha uipindue bilauri kichwa chini na uondoe kiganja polepole. Maji hayamwagiki. Mwanzo fanyeni juu ya beseni, maana mama hatafurahi mkijifunzia juu ya mkeka wake. Watoto watacheka, na wakiisha kucheka waulizeni: ni kitu gani kinachoishika karatasi ile? Mmoja atasema ni maji yanayonata. Mwingine atasema ni uchawi. Waacheni wabishane. Kisha jazeni bilauri nusu badala ya kuijaza, mjaribu tena, mwone kama mambo ni yale yale.

Mwezi wa Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilikuja upande wa Mafia na pwani yetu. Safari hii watu hawakushtukizwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa habari kabla, redio zikazitangaza, na boti za baina ya Unguja na Dar es Salaam zikasimamishwa. Baina ya Aprili ya 1872 na Mei ya 2024 bahari haikubadilika tabia, wala upepo. Waliobadilika ni watu, ambao walijua kupima uzito wa hewa na kupelekeana habari.

Turudi kwa Seyyid Barghash. Katika ujana wake alipata kukaa Bombay, ambako alipelekwa baada ya kushindwa katika ugomvi wake na nduguye, Seyyid Majid. Na mwaka 1875, akiwa Sultani, alikwenda London. Alikuwa mtu wa kuona kitu na kukitaka. Katika vitu alivyovifanya, sisi tungekiweka kimoja mbele ya taa na lifti zote, nacho ni maji ya mfereji.

Kabla ya hapo watu wa mjini walichota visimani, na visima vya mji ulio juu ya jiwe la matumbawe, uliozungukwa na bahari, ni vya maji ya chumvi chumvi, tena karibu na uchafu wa nyumba. Katika miaka 1869 na 1870 ugonjwa wa kipindupindu uliua watu kwa maelfu katika kisiwa. Katika zama zake Barghash aliamuru yajengwe mabomba ya kuyaleta mjini maji matamu kutoka chemchemi iliyo upande wa Bububu, na maji yale yakafika mjini bila ya pampu, kwa nguvu zake yenyewe. Watu maskini walichota bila ya kutoa pesa.

Nguvu zake ni zipi? Hapa hatuhitaji mwalimu kutoka mbali, maana kila fundi muashi wa Unguja aijua siri hiyo. Akitaka kujua kama kona mbili za nyumba ziko usawa mmoja, huchukua mpira mrefu wenye maji, mwenzake akashika ncha moja, yeye akashika nyingine, wakatazama maji yamesimama wapi kila upande. Maji ndani ya mpira husimama sawasawa, hata mpira ukipinda na kuzunguka mti. Chemchemi iko juu kidogo kuliko mji. Basi maji huteremka ndani ya bomba, na yakikuta mlima mdogo njiani huupanda, madhali mlima huo si mrefu kuliko pale yalipotoka. Kazi yote ya Sultani ilisimama juu ya jambo hilo moja, nalo fundi wetu alitenda kila siku. Lakini mwulize mtoto wa fundi kama baba yake ni mtu wa fizikia, naye atakucheka. Baba yake amekuwa mwalimu wa skuli bila ya kujijua.

Magofu ya Marahubi, kaskazini ya mji, yangali na nguzo na mahodhi ya hamamu ya jumba la Barghash lililoungua mwaka 1899. Walimu wanaowapeleka watoto huko kutazama mambo ya kale wangefanya vyema kuchukua na mpira wa maji.

Mwaka 1879, miaka minne kabla ya Beit al-Ajaib kujengwa, waya wa simu wa kampuni ya Kiingereza ulifika Unguja kutoka Aden, umelazwa chini ya bahari. Habari iliyokuwa ikingojea msimu wa kaskazi iletwe na majahazi sasa ilifika kwa muda mfupi. Waya huo ulikuwa wa shaba, umevishwa utomvu wa mti mgumu kama mpira ili umeme usipotelee majini, maana maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Ni jambo la kufikiri: kamba iliyokuwa imetulia gizani chini kabisa, haisogei, haitoi sauti, nayo ilibeba bei ya karafuu na habari za vita. Meli ilikwenda kwa mvuke, na umeme ukatolewa kwa mashine za mvuke vile vile. Ndiyo maana ndugu zetu wa Mombasa mpaka leo huuita umeme stima, kwa jina lile lile la meli ya moshi. Neno limebaki na ukoo wake.

Waya mwingine ulikuja baada ya miaka mia moja. Tangu mwaka 1980 Unguja ilipata umeme wake kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari mpaka Fumba. Mwezi wa Mei 2008 umeme huo ulikatika, kisiwa kikakaa gizani kiasi cha mwezi mmoja. Ukakatika tena Disemba 2009, na mara hiyo giza lilikaa miezi mitatu. Walioishi siku hizo wanakumbuka: pampu za maji hazikuvuta, samaki waliharibika kwa kukosa barafu, na usiku kucha mji ulinguruma kwa majenereta ya wenye uwezo. Katika miezi ile watu walijifunza maneno ambayo hawakuyahitaji kabla yake. Walijua jenereta ya wati ngapi huwasha friji na ya wati ngapi huwasha taa tu. Walijua kwamba pasi hula umeme kuliko redio. Na asiyejua aliunguza vitu vyake. Hatusemi kuwa ilikuwa skuli nzuri. Ilikuwa skuli ya dhiki, na karo yake ilikuwa kubwa mno. Lakini mtu aliyekuwa akibonyeza kitufe kwa miaka thelathini bila ya kuuliza, siku ile aliuliza.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga jumba la Sultani kwa muda usiozidi saa moja. Watu mia kadhaa waliuawa au kujeruhiwa, na habari zake zasimuliwa sana. Sisi twataka kutaja mambo mawili tu ya siku ile. Merikebu ya Sultani iliyoitwa Glasgow ilizama bandarini, na kwa miaka mingi, hata kufika 1912, milingoti yake ilionekana imesimama juu ya maji, mbele ya mji. Watoto wa Forodhani walikua wakiitazama. Twajiuliza ni wangapi kati yao waliowauliza baba zao kwa nini msumari mdogo huzama na meli nzito yenye mbavu za chuma huelea, kisha meli hiyo hiyo ikiingia maji huzama kama msumari. Kuelea kwa chombo si habari ya uzito wake peke yake, bali ya uzito wa maji ambayo chombo hicho huyasukuma na kukaa mahali pake. Mtoto aweza kulijaribu kwa udongo wa kufinyanga: tonge huzama, na tonge lile lile likifanywa kama kisahani huelea.

Jambo la pili ni mnara. Mbele ya Beit al-Ajaib palikuwa na mnara wa taa ya baharini, nao uliharibiwa na mizinga siku ile. Nyumba ilipotengenezwa baada ya vita, ilitiwa mnara wa saa, na tangu mwaka 1897 saa hiyo ilikuwa uso wa mji. Watu wa Unguja walikuwa na saa zao kabla yake, wakihesabu kutoka kuchomoza kwa jua na kuchwa kwake, na hesabu hiyo twaitumia mpaka leo. Lakini saa ya mnara ilimfundisha kila mpita njia jambo jipya, ya kuwa wakati waweza kugawanywa sawasawa hata siku ya mawingu.

Saa za minara za zamani ziliongozwa na uzito unaobembea. Chukueni uzi na jiwe, mfunge jiwe, mshike uzi kiasi cha mita moja juu yake, kisha mliache jiwe libembee kidogo. Kwenda kwake na kurudi ni karibu sekunde mbili. Badilisheni jiwe, mtie zito zaidi: muda ni ule ule, na hapa ndipo watoto hawaamini, huomba kujaribu tena. Sasa fupisheni uzi mpaka robo yake. Jiwe litakwenda na kurudi kwa sekunde moja. Mwalimu mwenye darasa la watoto sitini na asiye na chombo hata kimoja cha sayansi ana uzi, na mawe hayajapata kukosekana Unguja.

Baada ya vita vikuu vya kwanza palijengwa Mnazi Mmoja jumba jeupe lenye kuba, liitwalo Beit al-Amani, likafunguliwa mwezi wa Novemba 1925 kuwa makumbusho ya watu wote. Hapo mlango uligeuka. Nyumba ya Sultani ilikuwa ya kutazamwa kutoka nje, na nyumba hii ilijengwa ili watu waingie. Beit al-Ajaib nayo, baada ya kuwa ofisi za serikali kwa miaka mingi, mwisho ilifanywa makumbusho, na ndani yake palisimamishwa mtepe, kile chombo cha mababu kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari. Mtoto wa Jang'ombe aliweza kusimama pale ambapo babu yake hakuthubutu. Hata hivyo jengo lilizidi kuchakaa, likafungwa, na tarehe 25 Disemba 2020, mafundi wakiwa kazini kulitengeneza, upande mmoja wake ukaanguka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walikufa. Hilo nalo lina fizikia yake: chuma karibu na bahari hupata kutu, na kutu ni kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, hivyo huvimba ndani ya ukuta na kulipasua jiwe lililokikumbatia. Katika Mji Mkongwe ambako kila nyumba ya pili ina boriti na nondo, jambo hilo lastahili kujulikana na kila mwenye nyumba, si mhandisi peke yake.

Na katika nchi nyingine mambo yalikuwaje? Huko London kulikuwa na chuo kilichoanza mwaka 1825 kutoa mihadhara ya sayansi kwa vijana wakati wa Krismasi. Mtu aliyeipa mihadhara hiyo sifa ni Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, ambaye katika ujana wake alikuwa akijalidi vitabu na hakupata skuli nyingi. Ni yeye aliyevumbua jinsi sumaku inavyoweza kuzaa umeme, na kila jenereta iliyonguruma Unguja mwaka 2010 ilinguruma kwa ajili yake. Lakini alipotaka kuwafundisha watoto hakuja na mashine. Aliwasha mshumaa mmoja, akazungumza juu yake siku baada ya siku: mafuta hupandaje utambi, mwanga watoka wapi, moshi ni nini, kwa nini ukiufunika huzimika. Mtu mkubwa wa elimu, na mshumaa wa senti chache.

Tusidhani kwamba walimu wote wako hivyo, au kwamba kisa chema ni cha Ulaya tu. Mwaka 1963, katika skuli ya Magamba huko Lushoto, kijana mmoja jina lake Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. (Jina lisitudanganye, mwanafunzi huyu alikuwa wa bara.) Walichemsha maziwa na sukari, na desturi ilikuwa kuyaacha yapoe kwanza ndipo yatiwe katika friji ya barafu. Nafasi ilikuwa chache. Mpemba aliona ataikosa, akatia maziwa yake yangali moto. Baada ya kitambo alitazama, akakuta yake yameganda kabla ya ya mwenzake aliyetia ya baridi.

Akamwuliza mwalimu wake, akaambiwa amekosea kuona. Alipokwenda skuli ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na hapo kicheko kikawa kikubwa zaidi. Kila alipokosea hesabu, wenzake waliita kosa hilo kwa jina lake. Yatupasa tusimame kidogo hapa. Kijana alikuwa ameona jambo kwa macho yake. Hakudai kuwa ana elimu kuliko waliomfundisha, aliuliza tu. Wangapi katika madarasa yetu, wa Unguja na Pemba na bara, wamekaa kimya baada ya kicheko cha kwanza, wasiulize tena mpaka wakamaliza skuli? Hakuna awezaye kuwahesabu, maana hawakuandika kitu.

Mpemba hakunyamaza. Alipokuja skulini kwao mwalimu wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, alisimama mbele ya wote akamwuliza lile lile: maji ya moto na maji ya uvuguvugu yakitiwa katika friji pamoja, kwa nini ya moto yatangulie kuganda? Watu walicheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akafanya jambo hilo lijaribiwe, akaona kuwa kijana hakusema uongo. Mwaka 1969 wawili hao waliandika pamoja katika jarida moja la walimu wa fizikia, na tangu siku hizo jambo hilo laitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Wataalamu hawajakubaliana mpaka leo juu ya sababu yake, na wako waliopima wasilione kabisa. Hayo hayampunguzii kitu. Mpemba mwenyewe baadaye alisomea kazi ya wanyama pori karibu na Moshi. Na watu wa vyuo vikuu wangali wanashughulika na aiskrimu yake.

Tumalizie kwa habari ya karibu na nyumbani. Huko Kinyasini, kaskazini ya Unguja, kumekuwa na chuo cha Barefoot, ambacho asili yake ni kijiji cha Tilonia katika India. Wanafunzi wake wa umeme wa jua ni wanawake wa vijijini, wengi wao ni mama wa watoto, waliochaguliwa na watu wa vijiji vyao ambavyo havina umeme. Wengine hawakupata kusoma. Kwa miezi kadhaa hukaa wakijifunza kuunganisha taa, kuchomelea risasi, kupima betri na kutafuta kosa lilipo. Kwa kuwa si wote wasomao, vitu vyajulikana kwa rangi na picha na kwa kushika mkononi, na mwalimu huonyesha, kisha huacha mikono yao ifanye. Kisha hurudi kwao wakawa mafundi wa taa za kijiji.

Twakumbuka tuliyoyasema mwanzo, taa ya Barghash iliyotazamwa kutoka nje. Mwanamke wa Kaskazini ambaye bibi yake alisimama Forodhani akasema ajabu, yeye hufungua taa, akaonyesha waya ulioachia, akaurudisha. Watoto wa kijiji humzunguka na kumwuliza maswali mengi, naye hujibu ayajuayo. Imechukua zaidi ya miaka mia moja na thelathini kutoka Forodhani mpaka Kinyasini, na kwa gari ni mwendo wa saa moja.

Kabla ya kuagana tuna kazi kwa vijana wa skuli. Kisiwa chetu kiko kusini ya Ikweta kwa digrii sita na kidogo, na kwa hiyo mara mbili kila mwaka jua hupita juu ya vichwa vyetu kabisa: siku za kama tarehe 5 Machi, na siku za kama tarehe 9 Oktoba. Simamisheni kijiti kilichonyooka mahali palipo sawa, mkipima wima wake kwa uzi wenye jiwe, mkitazame kivuli chake kikifupika asubuhi nzima mpaka kipotee chini ya kijiti. Andikeni saa. Mtaona kwamba hakipotei saa sita barabara, kwa sababu saa zetu zafuata mstari ulio mashariki yetu, na jua hutufikia baadaye, kwa wastani wa dakika 23 hivi. Lakini pimeni Machi na mpime tena Oktoba. Machi kivuli hupotea karibu na saa sita na dakika thelathini na tano, na Oktoba karibu na saa sita na dakika kumi. Kijiti ni kile kile, kisiwa ni kile kile na jua ni lile lile. Kwa nini hazilingani? Waulizeni walimu wenu, nao wakikosa jibu siku hiyo, tafuteni pamoja nao.